Madume Hawanyonyi Damu

Shangazi alipomwambia baba kwamba anataka kuolewa, baba alikuwa anamenya chungwa. Aliendelea kumenya mpaka ganda lote likatoka, akaliweka lile chungwa mezani bila kulila, akauliza, "Na nani?"

"Na fundi."

"Fundi gani?"

"Kaka, usijitoe ufahamu. Fundi wa feni."

Nilikuwa nimeegemea mlango wa jikoni, kikombe cha chai mkononi, na sikuwa na sababu yoyote ya kuwa pale isipokuwa umbea. Habari yenyewe haikunishtua. Bwana Feni, kama mtaa mzima unavyomwita, alikuwa akija kwetu kila mwaka joto linapoanza, na sanduku lake la vifaa na gunia la pangaboi mbovu. Alikuwa akipanga chumba cha uani kwa shangazi na kuzunguka maofisini, madukani na majumbani akifufua feni zilizokufa. Hali ya hewa ikipoa hufunga mizigo, akalifuata joto katika miji mingine. Miaka ya kwanza alikuwa anakula mgahawani pale kona. Baadaye akawa anakula kwa shangazi. Baadaye tena shangazi akaanza kuniuliza kama kitambaa cha kijani kinampendeza kichwani. Mimi si kipofu.

Kilichomkwama baba kooni hakikuwa ufundi wa mtu, wala umri wa mdogo wake. Ilikuwa homa. Mtaani kwetu kuna homa inayokuja na joto. Kichwa kinapasuka, macho yanauma hata kuyageuza ni kazi, mifupa inalalamika, halafu baada ya siku chache inakuacha umelegea, huna hamu na chochote. Wengi huinuka. Wachache huingiwa nayo kichwani wakalala kitandani muda mrefu. Na watu, ambao hawakosi la kuhesabu, walikuwa wamekwisha kugundua kwamba homa haianzi mpaka Bwana Feni afike. Akishusha gunia lake leo, wiki haijaisha mtu ameanguka. Mama wa duka alilisema, kinyozi akalitia chumvi, na baba akalibeba nyumbani.

Mwaka uliopita ilimpata shangazi mwenyewe. Shingo ilimkakamaa, na mchana kutwa hakututambua. Mimi alikuwa ananiita kwa jina la mama yake. Baba alikaa kando ya kitanda kile ameshika beseni na hakukubali kupokewa. Tangu hapo hakuwahi kumwita fundi kwa jina wala kwa kazi. Kwake alikuwa "huyo."

"Huyo anatembea na homa kwenye sanduku lake," akasema sasa. "Umesahau mwaka jana?"

"Sijasahau."

"Basi?"

Shangazi alinyoosha kitambaa cha meza. "Nilimzika mume wa kwanza bila ugomvi na mtu. Sitaolewa na wa pili kwa ugomvi. Ukikataa, kaka, nitamwambia afungashe, na mwaka ujao atafute chumba pengine. Yameisha."

Aliyasema kwa utulivu, utadhani anazungumzia kubadilisha pazia. Lakini vidole vyake vilikuwa vinavuta nyuzi za kile kitambaa cha meza, moja moja. Huyu mama alinilea tangu mama yangu mzazi alipofariki. Uso wake unaweza kunidanganya, vidole vyake haviwezi.

Baba akasema atatoa jibu Jumapili ya mwisho wa mwezi. Akaondoka kwenda kwake. Chungwa likabaki pale, na shangazi hakuligusa, mimi ndiye niliyelila.

Sasa lazima niseme kazi yangu, maana bila hiyo mtaniona nimejipenyeza tu katika mambo ya wakubwa. Ninafanya kazi katika maabara ya wadudu, na chumba changu ni cha usubi. Usubi ni kadudu kadogo kuliko mbu, ka rangi ya mchanga, kenye manyoya, na kakitua kanainua mbawa zake juu badala ya kuzilaza. Hakaruki vizuri. Kanadundadunda ukutani hatua fupi fupi, na kakiuma hakatoi sauti. Mbu angalau anabisha hodi. Panya anauma akipuliza. Huyu hapulizi, hasemi, na asubuhi unabaki kujikuna vifundo vya miguu ukilaumu shuka.

Miaka yote nilikuwa nadhani homa ya mtaa wetu ni yake. Lakini nyumbani mimi si mtaalamu. Nyumbani mimi ni yule msichana anayelipwa kulea wadudu wakati wenzake wanalea watoto. Nikianza kueleza jambo mezani, baba huomba apitishiwe chumvi. Hilo hunipandisha hasira, na hasira zangu ziko karibu na pua. Safari hii niliamua kutobishana. Nikaazima mtego kazini.

Mtego wenyewe si kitu cha ajabu. Una balbu ndogo juu, chini yake kifeni kidogo kinachovuta hewa kwenda chini, na mwisho mfuko wa chandarua. Mdudu anafuata mwanga, upepo unamfyonza, anaingia mfukoni. Nilikwenda kuutundika uani, kando ya banda la kuku. Nikawasha. Balbu ikawaka, kifeni kikagoma.

"Hicho kinaumwa na beringi," sauti ikasema nyuma yangu.

Bwana Feni alikuwa mlangoni kwake amekaa juu ya kigoda, bisibisi sikioni. Ndivyo anavyofanya kazi. Ncha ya bisibisi anaigusisha kwenye mota, mpini anauweka sikioni, anafumba macho, na kwa muda huo hata ukimwambia nyumba inaungua atakuomba usubiri. Nilimpa mtego. Aliusikiliza, akaufungua, akatia tone la mafuta, akauzungusha kwa kidole.

"Binti," akasema bila kuinua macho, "wanasema mimi ndiye ninayekuja nayo."

Nilijifanya sijui anazungumzia nini. Akatabasamu.

"Nasikiliza mota siku nzima. Unadhani watu watanishinda kuwasikia?"

"Umewahi kuugua wewe?"

"Niliugua hapa hapa, mwaka wa kwanza, kabla sijajifungia feni chumbani. Nililala siku kadhaa. Shangazi yako ndiye aliyenipikia uji, na mimi nilikuwa mpangaji tu, hata jina hajalishika." Akafunga skrubu ya mwisho. "Ikiwa ni mimi kweli, niambie mimi kwanza. Nitaondoka kabla hajalazimika kuniambia yeye. Hilo tu ndilo ninaloomba."

Nikamwahidi. Roho iliniuma, maana mpaka hapo nilikuwa najua ninachokiamini, na sikujua kingine.

Mtego niliutundika pale ukutani, na huo ukuta nao nina la kusema juu yake. Ulijengwa na marehemu mume wa shangazi, karani wa posta, mtu ambaye mikono yake ilizoea mihuri na stempu. Likizo moja aliamka akasema atajenga ukuta wa uani mwenyewe, mafundi wa nini. Akakusanya mawe, akakanda udongo, akajenga likizo nzima. Ukuta ukasimama umepinda katikati, umetoka tumbo upande wa kuku, na una nyufa ambazo mtu anaweza kuingiza mkono. Watu walimcheka. Yeye alicheka zaidi yao. Hicho ndicho kitu pekee alichowahi kujenga maishani, na alipofariki shangazi hakutaka mtu auguse. Bwana Feni mwaka mmoja alijitolea kuupiga lipu. Shangazi alimnunia wiki nzima.

Asubuhi mfuko ulikuwa umejaa. Nikautia kwenye kasha la barafu, nikaenda nao kazini.

Kazi ya kuchambua usubi inahitaji macho na subira. Unawalaza kwenye sahani ya kioo iliyopoozwa, unaiweka chini ya hadubini, unawatenga kwa sindano. Jike mkia wake ni wa mviringo na tumbo limejaa. Dume ana vibanio viwili mkiani, virefu, huwezi kukosea. Majike tunawaweka sahani ya kulia, tunawasaga, tunawapima kama wana kirusi. Madume tunawaweka sahani ya kushoto, halafu tunawamwaga kwenye chupa ya spiriti. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha wengine. Anayeuma ni jike peke yake, kwa kuwa anahitaji damu ili atage mayai. Dume anaishi kwa utomvu na vitu vitamu tu. Kumpima dume tulikuona kama kumpekua mtu ambaye hakuwepo kwenye wizi.

Majike walikutwa na kirusi. Nilitoka maabara nikitembea haraka kuliko kawaida yangu, nikapitia kwa baba moja kwa moja. Nilimkuta anapiga pasi shati.

"Ni usubi, baba. Nimewapima. Wale wa uani kwa shangazi wana kirusi cha homa."

Aliligeuza lile shati upande wa pili. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kustaafu, na bado ana ile tabia ya kukuacha umalize ubaoni ndipo akuonyeshe ulipokosea.

"Wanaishi kwa kunywa damu?"

"Majike, ndiyo."

"Damu ya nani?"

"Ya yeyote. Kuku, panya, watu."

"Na pale uani analala nani?"

Hapo nikaona anakonipeleka.

"Anakuja huyo kutoka kusikojulikana," baba akasema, akipiga pasi kola taratibu, "ana kitu kwenye damu yake. Hao wadudu wako wanamuuma. Wanakichukua. Wanampelekea mdogo wangu. Umenithibitishia nilichokuwa nasema siku zote. Nakushukuru."

Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililonikata maini. Nilipomtazama niliona kwamba hakuwa amefurahia kushinda. Alikuwa anaogopa. Aliwahi kumwona dada yake wa pekee hamjui, na hakutaka kuliona tena. Nikaaga nikaenda zangu, na njiani nilibishana naye peke yangu kwa sauti mpaka watu wakanipisha.

Kwa muda uliobaki nilitega tena na tena. Sijui nilitarajia nini. Majike wengi zaidi wenye kirusi wasingenisaidia kitu, swali la baba lingebaki palepale. Nilifanya kazi kwa sababu mikono ilitaka kufanya kazi. Asubuhi moja, Jumapili ya baba ikiwa imekaribia, nilichambua, nikatenga, nikasaga, nikaweka vichupa kwenye mashine, nikawasha. Kisha nikachukua sahani ya madume niimwage kwenye spiriti, nikaitupia jicho la mwisho chini ya hadubini.

Walikuwa majike. Matumbo mviringo, wengine bado wekundu kwa damu ya usiku. Nilikuwa nimeziweka sahani kinyume. Kwenye mashine walikuwa wanapimwa madume.

Nilijitukana matusi ambayo shangazi hajui kwamba nayajua. Mashine ikishaanza haisimamishwi, basi nikakaa nikiisubiri imalize upuuzi wangu. Ilipomaliza nikasoma jibu. Kirusi kimo.

Mkuu wa maabara aliingia wakati huohuo. Ni mama mtu mzima, mpole, anayetembea na kandambili kwa sababu ya miguu yake kuvimba, na tukisikia pwata pwata kwenye korido kila mtu hukaa sawa.

"Uso huo umeharibu nini?"

"Nimesaga madume badala ya majike. Na tena nitakuwa nimechafua vifaa, maana mashine inasema wana kirusi."

"Madume?"

"Nisamehe, mkuu. Nitasafisha kila kitu nianze upya."

Alivuta stuli akakaa. Akanitazama juu ya miwani.

"Hao madume," akasema, "wamekunywa damu ya nani?"

Nilianza kujibu kwamba madume hawanyonyi damu, kila mtu anajua. Maneno yakaishia njiani.

"Vifaa huenda umechafua kweli," mkuu akaendelea. "Kwa hiyo tutarudia majike na madume. Vifaa vipya, glavu mpya. Na tupime pamoja nao madume wa chumba chetu wenyewe, wale tunaowalea, ambao tunajua ni wasafi."

Tulirudia kwa usubi wa mtego uliofuata. Madume wetu walitoka safi. Madume wa uani kwa shangazi hawakutoka safi. Si wote, ni kundi moja tu kati ya yale tuliyopima, lakini lile moja lilitosha. Mkuu alitikisa kichwa akacheka kidogo, akaiangalia ile chupa ya spiriti iliyokuwa imejaa madume wa miaka.

"Tumekuwa tukiwamwaga mashahidi," akasema.

Akanieleza kile nilichokuwa nimeanza kukiona mwenyewe. Mdudu asiyeuma hawezi kupata kirusi kwa kuuma. Amezaliwa nacho. Mama yake alimpa ndani ya yai. Yai linatagwa kwenye udongo wa ufa, mahali penye giza na unyevu kidogo, penye uchafu wa kuku uliooza. Buu anatoka, anakula ule uchafu. Baridi ikija analala, na kirusi kinalala ndani yake. Joto likirudi anaota mbawa na kutoka, na anatoka akiwa nacho tayari. Hahitaji mgonjwa wa kuanzia. Hahitaji msafiri.

"Kila yai linapata?"

"Hapana. Mama anaweza kuwa nacho na watoto wengi wakakosa. Kila kizazi kirusi kinapungua kidogo, kwa hiyo lazima pawe na njia nyingine ya kukijaza. Pengine madume huwapa majike wakipandana, pengine kuna mnyama katikati. Hilo bado linatafutwa." Akasimama, akitafuta kandambili yake moja kwa mguu. "Ukimwambia baba yako, mwambie unachokijua. Usimwongezee."

Nilitoka pale nina furaha ya kupiga mbinja barabarani. Nilifika mpaka kona ya mgahawa ndipo furaha ikanikauka. Kama walizaliwa nacho, basi walizaliwa mahali. Na mahali penyewe nilipajua, nilikuwa nautundika mtego wangu juu yake kila jioni.

Ahadi ni ahadi. Nilimpitia Bwana Feni kwanza. Alikuwa anafuta vumbi kwenye panga la feni.

"Si wewe," nikamwambia.

Aliliweka lile panga chini polepole. Akafuta macho kwa mkono wa shati, akasingizia vumbi. Kisha akaniuliza ni nini basi, nikatazama ukuta, naye akautazama.

Jumapili baba alikuja amevaa lile shati alilolipiga pasi. Tulikaa sebuleni wanne. Bwana Feni alikaa karibu na mlango, kofia magotini. Nilieleza bila mbwembwe. Baba hakuomba chumvi.

"Hao madume," akauliza, "huwezi kusema labda walimuuma mara moja tu, kwa bahati mbaya?"

"Hawana mdomo wa kuumia."

"Na walikuwa nacho."

"Tulirudia mara ya pili, na mkuu akisimamia mwenyewe."

Baba alipiga hesabu zake. Nilimwona anarudi nyuma, anatafuta kosa, halioni. "Kwa hiyo joto ndilo linalowatoa," akasema mwishowe. "Na joto ndilo linalomleta yeye."

"Ndiyo, baba. Wote wawili wanaitwa na kitu kimoja."

"Wanazaliwa wapi?"

Nilimtupia shangazi jicho.

"Sema," shangazi akasema.

"Ukutani."

"Ukuta upi?" akauliza, na nyumba yetu nzima ina ukuta mmoja tu wa kuulizwa hivyo.

Bwana Feni alitazama uani. Shangazi alikunja kitambaa chake cha kijani magotini, akakikunja tena.

"Kwa hiyo mmemtoa hatiani aliye hai mkamtia marehemu," akasema. "Aliye hai alikuwa anaweza kujitetea. Marehemu je?"

Akainuka akaingia chumbani kwake, akafunga mlango bila kuubamiza. Ningependa angeubamiza. Mimi nililia pale pale, mbele ya wanaume wawili, na sikuona haya.

Bwana Feni akatoka nje taratibu. Baba alibaki ameangalia sakafu. "Dirisha la mdogo wangu linatazama ukuta ule," akasema, zaidi kwa nafsi yake. "Na huyo anayelala uani jirani kabisa na ukuta, mbona haugui tena?"

"Ana feni. Usubi haruki vizuri, baba. Upepo wa feni tu unamshinda."

"Mdogo wangu hana feni?"

"Hataki. Anasema marehemu hakupenda kelele chumbani."

Baba alishika kichwa.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kimya. Shangazi alipika, alipakua, aliuliza kama chumvi imekolea, na zaidi ya hapo hakusema. Nilimkuta Bwana Feni anafunga gunia lake kamba, na joto bado halijafika katikati.

"Unakwenda wapi? Umeshatoka hatiani."

"Sikutaka kutoka namna hii," akasema. "Namjua marehemu kwa huo ukuta tu, binti, lakini namheshimu. Mtu anayejenga vibaya vile na bado anajenga mpaka mwisho, huyo alikuwa mtu. Sitaki shangazi yako anitazame kila siku akiona nimemshinda mumewe."

Nilikwenda kulala nikiwa nimekasirika na kila mtu, na zaidi na usubi.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya kukwaruza. Nilitoka uani bado na kanga ya kulalia. Kuku walikuwa wamehamishiwa upande wa pili, chini ya kivuli cha turubai, wanalalamika. Shangazi alikuwa amepiga magoti mbele ya ukuta, mikono imejaa saruji hadi viwikoni, anaisukuma ndani ya ufa kwa vidole. Alikuwa anazungumza na ukuta kwa sauti ndogo. Nilisikia, "Hapa nilikwambia uweke jiwe dogo, ukasema najua," na akacheka peke yake, machozi yanamtiririka bila kufutwa kwa sababu mikono ilikuwa michafu.

Bwana Feni alikuwa amesimama mbali, ameshika ndoo ya maji, hathubutu kusogea. Gunia lake lilikuwa limefungwa, liko mlangoni.

Nilichukua karai nikaanza kukanda. Tulifanya kazi hivyo, mimi nakanda, yeye anaziba, mpaka jua likatupata. Nyufa za chini zikaisha. Akasimama, akanyoosha mgongo, akatazama za juu. Akajinyanyua kwa vidole vya miguu. Hakufika.

Akageuka. Akaokota mwiko wa saruji uliokuwa kando ya karai, akamnyooshea Bwana Feni.

"Juu kule sifiki," akasema. "Njoo umalizie."

Bwana Feni aliweka ndoo chini, akaja, akaupokea ule mwiko kwa mikono miwili.

"Lakini usiunyooshe," shangazi akamwambia. "Ziba tu. Mwache na tumbo lake."

"Siunyooshi, mama."

Alipiga lipu taratibu, akifuata ule mpindo kwa kiganja, akirudi nyuma kutazama kama hajaupunguza. Shangazi alikaa juu ya kigoda cha fundi akimsimamia, na mara moja alimwambia akwangue sehemu aianze upya, kwa kuwa tumbo lilikuwa limeanza kupotea. Alikwangua.

Hatukumsikia baba akiingia. Alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, kwapani amebana boksi la pangaboi jipya, bei bado imebandikwa juu. Nadhani alikuwa amepanga hotuba, maana alikohoa kama afanyavyo akitaka kuhutubia. Alimwona dada yake mwenye saruji kwenye nyusi. Aliuona ukuta. Alilisogelea gunia lililofungwa pale mlangoni, akalitazama, akaweka boksi lake juu yake. Hotuba ikampotea.

Akaja karibu, mikono nyuma, akakagua kazi kuanzia chini kwenda juu, jinsi alivyokuwa akikagua madaftari yetu. Kisha akanyoosha kidole.

"Shemeji," akasema, "juu kule kulia umebakisha ufa."